Walio Chini ya Jembe: Kuwasoma Bakteria wa Udongo kwa Njia ya Jeni

Nitazungumza juu ya viumbe ambao kila aliyewahi kushika jembe amewakanyaga, na ambao hata sisi wa maabara tulikuwa tukiwajua kidogo mno.

Gramu moja ya udongo wa shamba, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, ina bakteria wanaofikia mamia ya mamilioni, pengine mabilioni. Ndio wanaoozesha mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani. Ndio wanaoigeuza samadi ikawa chakula ambacho mzizi unaweza kukifyonza, na ndio wanaoinasa naitrojeni ya hewani ndani ya mizizi ya kunde, choroko na maharage. Ile harufu inayopanda mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu ni yao pia. Sehemu yake kubwa hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa hasa na bakteria wa kundi la Streptomyces. Kundi hilohilo ndilo lililotupa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofua dafu mbele ya kifua kikuu. Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, aliipata mwaka 1943 huko Rutgers, Marekani, alipokuwa akichunguza bakteria wa udongo wenye samadi.

Hayo yote yalijulikana kwa njia ya kuotesha. Unakoroga udongo kwenye maji yaliyotakaswa, unapunguza mchanganyiko mara kumi, kisha mara kumi tena, unamwaga tone kwenye sahani ya agari, halafu unasubiri. Kila doa linaloota ni uzao wa seli moja au chache zilizotua hapo. Njia hii ni nzuri, na baadaye nitaeleza kwa nini hatuwezi kuiacha. Lakini chukua tone hilohilo, ulitie rangi inayong'aa inayoshika DNA, ulitazame kwa hadubini: utaona seli mara mia moja au zaidi ya madoa yaliyoota. Mwaka 1985 wanasayansi wawili wa Marekani, James Staley na Allan Konopka, waliandika wazi juu ya tofauti hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kujifanya haioni. Katika udongo, bakteria wanaokubali kuota kwenye sahani za kawaida mara nyingi hawafiki mmoja katika mia. Wengine huhitaji kitu wanachopewa na jirani yao tu. Wengine hukua polepole kwa wiki nyingi, na maabara inakuwa imeshatupa sahani. Wapo pia waliozoea maisha ya ufukara, na sukari nyingi ya sahani huwaua. Kwa karibu miaka mia moja, basi, vitabu vya bakteria wa udongo viliandikwa kwa ushahidi wa wale wachache waliokubali kuja maabara.

Aliyetuonyesha ukubwa wa tulichokosa ni mwanamke wa Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway, Vigdis Torsvik. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kazi ambayo naihesabu kuwa mojawapo ya kazi bora kabisa katika elimu ya udongo. Walichukua udongo wa msitu, wakatenga bakteria wake, wakatoa DNA yao moja kwa moja bila kuotesha chochote. Wakati ule hapakuwa na mashine za kusoma mamilioni ya vipande vya DNA kwa siku moja. Wakatumia joto. DNA ina nyuzi mbili zilizoshikana. Ukiipasha moto zinaachana, ukiipoza kila uzi unamtafuta mwenzake. Fikirieni mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, watu wanatoka kuswali. Kama wote walikuja na kandambili za aina moja na saizi moja, kila mtu ataokota mbili za kwanza na kuondoka. Zikiwa za aina elfu moja, watu watahangaika pale mlangoni hadi alasiri. Torsvik alipima muda wa mahangaiko hayo. DNA ya bakteria waliooteshwa kutoka udongo uleule ilipatana haraka. Ile iliyotolewa moja kwa moja kutoka udongoni ilichelewa mno, na hesabu ikaonyesha jenomu tofauti kabisa zipatazo 4,000. Hiyo ni anuwai kubwa mara 200 hivi kuliko ile ya bakteria waliooteshwa.

Baadaye wengine walikuja na namba kubwa zaidi. Mwaka 2005 Jason Gans na wenzake walizipitia upya hesabu za namna hiyo, wakakadiria kwamba aina zinaweza kuzidi milioni moja. Wataalamu wa takwimu walipinga njia yao, na waliohesabu kwa kusoma jeni zenyewe wamekuwa wakipata maelfu hadi makumi ya maelfu ya aina katika gramu. Mimi sioni faida ya kugombania namba hiyo, kwa kuwa inategemea umeamua tofauti ya kiasi gani ndiyo iitwe aina nyingine. Swali lenye faida ni kama shamba hili na lile, yaliyopimwa kwa mkono mmoja na kwa njia moja, yana jamii tofauti za bakteria, na kwa nini.

Ili kujibu swali hilo tulihitaji jeni moja ambayo kila bakteria anayo. Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois aliipata mahali ambapo wengi hawakufikiria kutazama. Kila seli hai hutengeneza protini ndani ya ribosomu, na ribosomu ya bakteria ina kipande cha RNA kiitwacho 16S. Jeni yake ina herufi zipatazo 1,500. Baadhi ya sehemu zake haziwezi kubadilika ovyo, maana zikiharibika seli inakufa. Sehemu nyingine hubadilika polepole kadiri koo zinavyoachana. Kwa hiyo ukiwalinganisha viumbe wawili kwa jeni hii, unajua udugu wao ni wa karibu au wa mbali. Mwaka 1977 Woese na George Fox walitumia ulinganisho huo kuonyesha kwamba baadhi ya viumbe waliokuwa wakiitwa bakteria ni ukoo mwingine kabisa, ambao leo tunauita arkea. Wengi walimkatalia kwa miaka. Akaendelea na kazi yake.

Katika miaka ya 1980 Norman Pace na kikundi chake walichukua hatua iliyofuata: kama jeni hii inamtambulisha mwenyewe, kuna haja gani ya kumwotesha? Itolewe moja kwa moja kwenye maji au udongo na isomwe. Kilichoirahisisha kazi hiyo ni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kimeng'enya kilichoifanya PCR iwe rahisi kinatoka kwa bakteria, Thermus aquaticus, aliyegunduliwa na Thomas Brock katika chemchemi za moto za Yellowstone katika miaka ya 1960. Brock alitaka tu kujua viumbe gani vinaweza kuishi kwenye joto lile. Nawaomba wanaogawa fedha za utafiti katika nchi zetu wakumbuke hilo wanapomuuliza kijana, kabla hajaanza, utafiti wake utaleta faida gani sokoni.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu matokeo mengi huharibikia shambani kabla hayajafika maabara. Chukua shamba la ekari moja. Udongo unachotwa sehemu kadhaa zilizotawanyika, kwa kina kilekile, mathalani kuanzia juu hadi sentimita 20, kwa kifaa kinachosafishwa kabla ya kuhamia shamba jingine. Unachanganywa kwenye ndoo safi, mizizi na mawe yanatolewa, unapitishwa kwenye chekeche. Kisha unawekwa kwenye barafu siku hiyohiyo, au kwenye dawa ya kuhifadhia, maana udongo ukikaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari lililopigwa na jua, jamii yake ya bakteria hubadilika. Maabara nyingi huchukua robo gramu tu ya udongo huo. Ekari nzima inawakilishwa na robo gramu. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasione uvivu kuchanganya.

Ile robo gramu inatiwa kwenye kichupa chenye shanga ndogo ngumu na kutikiswa kwa nguvu, kwa kuwa bakteria wengine wana kuta nene zisizofunguka kwa dawa peke yake. Ukitikisa kidogo unawapata wenye kuta laini tu, halafu unaandika kwamba ndio wengi. Ukitikisa kupita kiasi unaikata DNA vipande vipande. Kisha inakuja taabu ambayo kila aliyefanya kazi na udongo mweusi wa msitu anaijua: asidi humiki, ile rangi ya kahawia inayotokana na majani yaliyooza. Inaandamana na DNA hadi mwisho, na hukizuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Huondolewa kwa kuosha DNA kwenye vichujio maalumu, au kwa kuizimua kwa maji hadi nguvu yake ipungue.

PCR yenyewe ni mzunguko wa joto. Kwenye nyuzijoto 95 hivi nyuzi za DNA zinaachana. Kwenye 50 na kitu vipande vifupi vya kuanzia vinashika mahali pake. Kwenye 72 kimeng'enya kinanakili. Mzunguko ukirudiwa mara 30, jeni moja kwa hesabu ya kinadharia inazaa nakala zaidi ya bilioni moja. Kila sampuli hupewa alama yake ya herufi chache ili mamia ya mashamba yasomwe kwa pamoja. Mashine inarudisha mamilioni ya vipande, mara nyingi vya herufi 250 hivi kila kimoja, na kompyuta inaanza kuchambua. Zamani vipande vilivyofanana kwa asilimia 97 vilihesabiwa kuwa aina moja. Tangu katikati ya miaka ya 2010 zimekuja programu kama DADA2, zinazoweza kutenganisha hata tofauti ya herufi moja na makosa ya mashine. Mwisho kila mfuatano hulinganishwa na hazina kama SILVA ya Ujerumani, na mtafiti anabaki na jedwali: aina za bakteria upande mmoja, mashamba upande mwingine.

Majedwali hayo yametufundisha mambo ambayo sahani zisingetufundisha. Kundi la Acidobacteria ni mojawapo ya makundi yenye idadi kubwa katika udongo wa dunia nzima. Hata hivyo, mwanachama wake aliyelipa kundi hilo jina alielezwa mwaka 1991 tu. Wataalamu walikuwa wakitembea juu yao bila kuwajua. Mwaka 2006 Noah Fierer na Robert Jackson walilinganisha sampuli 98 za udongo kutoka Amerika Kaskazini na Kusini, wakitumia njia ya alama za vidole vya DNA iliyokuwapo kabla ya kusoma mifuatano kuwa rahisi. Walitarajia labda joto au mvua ndivyo vitawale. Kilichotawala ni pH. Udongo usio na tindikali wala alkali nyingi, ukiwemo wa maeneo makavu, ulikuwa na anuwai kubwa kuliko mwingine, na udongo wenye tindikali wa Amazoni ya Peru ulikuwa nyuma ya wote. Msitu uliojaa miti ya kila namna ulikuwa na aina chache za bakteria kuliko nchi kame.

Kwa mkulima wa nyanda za juu hilo ni jambo la shambani kabisa. Udongo wa mashamba ya chai na wa milima yenye mvua nyingi una tindikali. Unapomwagia chokaa, unabadilisha wakazi wake wote, hata kama wewe unawaza mahindi tu. Na matumizi ya miaka mingi ya mbolea za amonia bila chokaa huusukuma udongo upande wa pili, kimyakimya, msimu baada ya msimu. Mwaka 2018 utafiti mwingine, ulioongozwa na Manuel Delgado-Baquerizo, ulitazama maeneo 237 katika nchi 18 ukaona kwamba aina zipatazo 500, asilimia 2 hivi ya aina zote zilizopatikana, ndizo zinazofanya karibu nusu ya jamii za bakteria wa udongo. Mimi hiyo naiona habari njema. Hatuhitaji kuwajua wote kwa siku moja. Tunaweza kuanza na mia tano.

Lakini majedwali yana hila zake, na asiyezijua atapotosha wakulima. Ya kwanza ni kwamba yanatoa asilimia, hayatoi wingi. Kundi likipanda kutoka asilimia 10 hadi 20, huenda halijaongezeka hata kidogo. Huenda wengine wamekufa. Lazima wingi upimwe kwa njia nyingine pembeni. Ya pili, bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala moja ya jeni ya 16S na mwingine akawa nazo 15, kwa hiyo mwenye nyingi anaonekana umati. Ya tatu ni DNA ya wafu. Mwaka 2016 Paul Carini na wenzake katika Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 40 hivi ya DNA waliyoipima katika udongo haikuwa ndani ya seli nzima. Ilibaki imeshikwa na chembe za udongo baada ya wenyewe kufa. Ukipima mara baada ya kiangazi kikali, sehemu ya unaowaorodhesha ni marehemu. Ya nne ni uchafu wa maabara: hata dawa za kutolea DNA huja na DNA kidogo ya bakteria wengine. Kwa hiyo kila kundi la sampuli liende na kichupa kisicho na udongo, kipite hatua zote, kisomwe na chenyewe. Mimi jedwali lisilo na kichupa hicho silitumii kumshauri mkulima.

Hila kubwa kuliko zote inahitaji kisa chake. Nchini New Zealand kulikuwa na shamba ambalo halikuwa na bakteria wa kuunda vinundu kwenye mizizi ya mmea wa malisho uitwao Lotus corniculatus. Mbegu zikapandwa pamoja na bakteria wa aina moja tu, anayejulikana. Miaka saba baadaye John Sullivan, Clive Ronson na wenzao waliporudi kupasua vinundu, walikuta ndani yake bakteria wa aina mbalimbali, na wengi hawakuwa yule aliyepandwa. Wametoka wapi? Majibu waliyoyatoa mwaka 1995 na 1998 yalikuwa haya: yule bakteria wa kwanza alikuwa amewapa bakteria wenyeji wa udongo ule kipande kizima cha DNA, chenye herufi zipatazo 500,000, ndani yake zikiwamo jeni za kuunda vinundu na kunasa naitrojeni. Wenyeji waliokuwa hawajui kuishi na mmea ule wakajua, papo hapo shambani. Jeni zao za 16S zilibaki zilezile. Ungesoma 16S peke yake ungesema hakuna kilichobadilika.

Hilo ndilo neno langu kuu leo. Orodha ya majina haitoshi, kwa kuwa bakteria wanaoitwa jina moja wanaweza kufanya kazi tofauti, na wenye majina tofauti wakafanya kazi moja. Tukitaka kumsaidia mkulima, tusome jeni za kazi. Ziko jeni zinazojulikana: nifH ya kunasa naitrojeni, nodC ya kuunda vinundu, amoA ya kugeuza amonia. Na mfano wa amoA unastahili kusemwa, kwa kuwa unahusu kila mfuko wa urea unaonunuliwa. Tangu kazi za Sergei Winogradsky mwaka 1890 tuliamini kwamba amonia ya udongo hugeuzwa kuwa naitreti na bakteria wachache wanaojulikana, kwa hatua mbili, kundi moja likimaliza hatua ya kwanza na jingine ya pili. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyofundisha. Mwaka 2006 kikundi cha Christa Schleper, Bergen tena, kilihesabu jeni ya amoA katika aina 12 za udongo na kukuta kwamba nakala za arkea zilizidi za bakteria, mahali pengine hadi mara 3,000. Kisha mwaka 2015 vikundi viwili, vikisoma jenomu nzimanzima, vilitangaza bakteria wa kundi la Nitrospira anayefanya hatua zote mbili peke yake. Miaka 125 ya mafundisho ikabidi iandikwe upya. Naitreti inayosombwa na mvua kutoka mashambani hadi visimani na maziwani hutengenezwa na viumbe hao, na sisi tulikuwa hatuwafahamu walio wengi.

Kusoma DNA yote ya udongo kwa pamoja, bila kuchagua jeni moja, ni kusoma kile ambacho Jo Handelsman na wenzake walikiita metajenomu mwaka 1998. Kwa udongo kazi hiyo bado ni nzito, kwa sababu aina ni nyingi na kila moja inapata vipande vichache tu. Inahitaji kompyuta kubwa na watu waliofunzwa kuzitumia, na hapo ndipo vyuo vyetu vinapokwama zaidi kuliko kwenye mashine za maabara.

Nirudi nyumbani, kwenye soya na maharage. Wengi wenu mmeona pakiti za bakteria wa kupaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, kama Biofix iliyotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni teknolojia nzuri: gharama yake ni ndogo kuliko ya mfuko wa mbolea. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen pamoja na washirika wake barani, uliwafikisha bakteria hawa kwa wakulima wengi wa Afrika. Na mashambani likajitokeza jambo ambalo mabwana na mabibi shamba wanalijua kwa macho: shamba moja mavuno yanapanda vizuri, la jirani hayapandi. Mkulima wa pili anaona ametapeliwa.

Sababu ziko kadhaa. Fosforasi ikikosekana, vinundu havifanyi kazi. Tindikali ikizidi, bakteria wa pakiti hafiki kwenye mzizi akiwa hai. Ya tatu ndiyo inayonihusu zaidi: wenyeji. Janice Thies na wenzake huko Hawaii walionyesha mwaka 1991 kwamba wenyeji 50 tu kwa kila gramu ya udongo wanatosha kuondoa faida ya pakiti, kwa kuwa wao tayari wamezoea mahali pale na huwahi kuingia mzizini. Wenyeji wakiwa wachapakazi, mkulima hahitaji pakiti, na tunamnunulisha kitu cha bure. Wakiwa wavivu, wanaoziba nafasi bila kunasa naitrojeni, anahitaji bakteria mwenye uwezo wa kushindana nao. Kwa macho mashamba hayo mawili hayatofautiani. Kwa jeni yanatofautiana: unatoa DNA kwenye vinundu, unasoma nodC na nifH, unajua aliyeingia ni wa pakiti au ni mwenyeji, na wa ukoo gani. Na hapa ndipo sahani za agari zinarudi na heshima yake. Ukishamtambua mwenyeji hodari kwa jeni, sharti umwoteshe, umjaribu kwenye mmea, umhifadhi akiwa hai. Pakiti ya msimu ujao haiwezi kutengenezwa kwa mfuatano wa herufi ulio kwenye kompyuta.

Kazi ya namna hii katika bara letu imeanza, lakini ni changa. Mradi ulioongozwa na Don Cowan wa Chuo Kikuu cha Pretoria ulitangaza mwaka 2022 ramani ya bakteria wa udongo kutoka maeneo 810 katika nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara. Kenya imo. Tanzania haimo. Nchi yenye udongo wa volkano wa Kilimanjaro, mbuga za udongo mweusi unaopasuka, mchanga wa pwani na magadi ya Natron haimo kwenye ramani hiyo. Tuna taasisi za udongo kama Mlingano, Tanga. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na jirani Nairobi wana maabara za jeni za BecA kwenye viwanja vya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, zilizojengwa kwa ajili ya kanda nzima. Mashine za kusoma DNA zinazoshikika mkononi sasa zipo, na zimeshatumika shambani Afrika Mashariki kutambua virusi vya mihogo. Sioni sababu ya udongo wetu kuendelea kusafirishwa kwa ndege ili usomwe kwingine.

Kuna na suala la haki. Vimeng'enya kutoka kwa vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya viliingia kwenye viwanda vya ng'ambo, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani sehemu ya faida. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa juu ya kugawana faida za namna hiyo, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inalinda kiumbe kinapovuka mpaka. Lakini mfuatano wa jeni huvuka mpaka ndani ya kompyuta. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa bayoanuwai wa Cali, Colombia, mwaka 2024 uliunda mfuko ambao kampuni zinazonufaika na mifuatano hiyo zinatakiwa kuuchangia. Uchangiaji bado ni wa hiari, na serikali zetu zinapaswa kuudai uwe wa lazima. Mimi siungi mkono kufunga data zetu kabatini. Sayansi hufa ikifungwa. Ila jina la mkulima aliyetoa udongo, kijiji chake na nchi yake visipotee njiani.

Ombi langu la mwisho ni kwenu, maafisa ugani. Msimu ujao, kabla ya kugawa pakiti za bakteria, chukueni udongo wa kila shamba. Andikeni mahali, tarehe, kina, pH, fosforasi ikiwezekana, na zao na mbolea ya mwaka uliotangulia. Acheni kipande kimoja cha kila shamba bila pakiti. Soya au maharage yakifika kwenye maua, chimbeni mimea kumi kila upande kwa uangalifu, mhesabu vinundu, mvipasue: vyenye wekundu ndani vinafanya kazi, vyeupe na vya kijani havifanyi. Vichache vikausheni na mvihifadhi kwenye kichupa chenye jina la shamba. Sisi wa maabara tutavisoma, na majibu turudi kuwasomea wakulima wenyewe, kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili.